Mistari Mitatu

Fomu imenipa mistari mitatu.
"Eleza kwa ufupi kwa nini unaomba msaada."
Yenyewe haizidi urefu wa kidole,
na kalamu ya dirisha la nne imefungwa kwa uzi
tusije tukaondoka nayo.

Nianzie wapi?
Wadha nilipewa kituoni, Maskati,
na jina la baba likachaguliwa kwenye orodha,
jina safi, halijamkosea mtu,
halijawahi kununua mkate wala kulipa umeme.
Karani anauliza, baba anapata riyali ngapi kwa mwezi?
Namwambia: baba huyo ni neno.
Anaandika sifuri, kisha anaifuta.
Sifuri nayo inataka cheti.

Au nianzie Ibra, nyuma ya soko la wanawake.
Bi Shinuna alinichukua nina siku arobaini.
Alikuwa na Hilali mchanga,
akampa titi la kulia, mimi la kushoto,
mara tano kamili, akihesabu kwa vidole,
tuwe ndugu mbele ya Mungu,
nikikua nisijifunike nikimwona.
Baadaye akaacha kuhesabu.
Fomu ina kisanduku cha damu.
Cha maziwa haina.

Hilali alipita dirisha hili kabla yangu.
Ana pensheni ya marehemu baba yake.
Dakika mbili, muhuri, akatoka.
Mimi pia nilimwita Baba,
nililia mpaka wakanishika siku ya jeneza,
lakini kilio hakina nakala iliyothibitishwa.

"Ulezi umekwisha," karani anasema,
si kwa ubaya, anasoma tu kwenye kompyuta.
"Ulitimiza kumi na minane Jumanne iliyopita.
Posho imesimama. Yule si mlezi wako tena,
kipato chake hatuwezi kukihesabu.
Wala hatuwezi kuandika huna mtu,
maana barua inasema unaye."

Jumanne iliyopita!
Jumanne ile alinichomea mkate wa kumimina,
akanikatia pale pembeni palipoungua kidogo,
anajua ndipo ninapopapenda.
Hakuna aliyekuja mlangoni kumwambia
kwamba ikifika usiku wa manane aniachie.

Yeye hushona kofia za viua.
Tundu kwa tundu, uzi unazungushwa, unakazwa,
siku arobaini kofia moja,
kisha Jumatano anaipeleka sokoni,
wanaipapasa, wanataka wapunguziwe.
Nilipompigia habari za ada alisema:
"Usiombe, mwanangu. Nitaongeza kofia."
Nasomea uhasibu. Nilipiga hesabu kabla hajakata simu:
muhula mmoja ni kofia kumi na moja,
na mwaka wake hauna siku hizo.

Na macho yake hayana.
Kila Ijumaa kabla ya kupanda basi la kurudi Nizwa
namtilia uzi kwenye sindano thelathini,
nazichomeka kwenye mto mwekundu, zimejipanga,
nyeupe, kahawia, nyeupe.
Ndizo wiki yake.
Zikiisha humwita mtoto wa jirani,
na mtoto wa jirani ana mpira wake wa kucheza.

Sasa karani anagonga kioo. Nyuma yangu wako watu.
Naandika:

*Nina mama. Ndiyo sababu naomba.*
*Msiponilipia atalipa yeye, kwa macho.*
*Mimi ninayo mawili mazima, nitayarudisha kwa kazi.*

Anasoma. Anasoma tena, midomo ikicheza.
Mkono wake unapanda kwenye kofia yake mwenyewe,
kidole kinapita juu ya vitundu, polepole,
kama mtu aliyeulizwa bei asiyoikumbuka.
Kisha anapiga muhuri: INASUBIRI.

Nje ni saa saba, ukuta unachoma mgongo.
Ujumbe wa sauti, sekunde sita.
Haulizi fomu, haulizi riyali.
"Wadha, zimebaki sindano nne.
Hii wiki njoo Alhamisi."